Zoezi la Ufahamu: Kiharusi

Soma kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali.

Asubuhi moja wilayani Ikungi, mkoani Singida, bibi anayefagia uwanja anaangusha ufagio ghafla. Mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Mjukuu anataka gari liitwe. Mjomba anataka aitwe mganga kwanza, akidai bibi amepigwa na jini. Mabishano hayo yana gharama. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, inakadiriwa kuwa seli milioni 1.9 za neva hufa kila dakika.

Kiharusi kiko cha aina mbili. Cha kwanza hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa. Cha pili, mshipa unapopasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo. Kwa macho, wagonjwa hawa hufanana. Lakini dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, humsaidia wa kwanza na yaweza kumuua wa pili. Ndiyo maana daktari habahatishi. Hutaka picha kwanza.

Kipimo cha CT-Scan, kilichotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, hutumia eksirei kuonesha ubongo vipande vipande. Damu iliyovuja huonekana nyeupe papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba mshipa ulioziba huenda usiache alama ya wazi katika saa za mwanzo. MRI, inayotumia sumaku, huona mapema zaidi, lakini ni ghali na inapatikana katika hospitali chache. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata kutoka IMF mwaka 2021 ilinunua mashine za CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo, mashine haimfuati mgonjwa kijijini.

Maswali
1. Andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
2. Kwa nini mabishano ya ndugu “yana gharama”?
3. Kwa nini daktari hutaka picha kabla ya kutoa dawa?
4. Eleza maana ya: (a) habahatishi (b) papo hapo.
5. Methali “Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako” inahusianaje na habari hii?
6. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.

Angalizo: Swali la 3 huwaponza wengi. Usiishie kuandika “ili ajue ugonjwa”. Taja aina zote mbili za kiharusi, kisha onesha jinsi dawa moja inavyoweza kuponya huku na kuua kule.