MABOMU YALIYOLALA BAHARINI

Kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Ireland iko wilaya iitwayo Donegal. Pwani yake imejaa miamba, na wakati wa baridi upepo wa bahari kuu huvuma huko kwa nguvu nyingi. Wenyeji wake tangu zamani ni wavuvi na wakulima wa mashamba madogo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali yao ilikataa kuingia vitani. Lakini bahari haina ukuta wala mlango. Merikebu nyingi zilizamishwa katika maji ya upande ule, na mawimbi yakaleta ufuoni mbao, mapipa na shehena za namna nyingine. Basi watu wakazoea kushuka pwani ili waone bahari imewaletea nini.

Jioni ya tarehe 10 Mei, 1943, mahali paitwapo Ballymanus, kitu kikubwa cha chuma kilionekana kikielea karibu na miamba. Habari ikaenea, na vijana wengi wakaja kukitazama. Wengine wakakifunga kamba, wakajaribu kukivuta nchi kavu. Ghafula kikalipuka kwa kishindo kikubwa. Zaidi ya watu 15 walikufa, wengi wao vijana, na miongoni mwao walikuwamo wavulana. Katika mahali padogo namna ile, ambapo watu wote wajuana, huzuni iliingia nyumba nyingi kwa usiku mmoja. Nchi yao haikupigana na mtu, lakini vita viliwafikia vikielea juu ya maji.

Kitu kile kilikuwa bomu la kutegwa baharini. Mabomu yaliyotumika sana katika siku zile yalikuwa kama mpira mkubwa wa chuma, ambao mtu mmoja hawezi kuuzungushia mikono yake. Ndani yake mna baruti kali, na nafasi yenye hewa inayolifanya bomu lielee. Juu yake zimesimama pembe kadha wa kadha za madini ya risasi, ambayo ni laini. Ndani ya kila pembe mna kichupa cha kioo chenye tindikali. Merikebu ikiigonga pembe, pembe hupindika na kichupa huvunjika. Tindikali huingia katika betri ndogo, umeme huzaliwa, umeme huwasha fataki, na fataki huwasha baruti yote. Mambo hayo yote hutendeka kabla mtu hajapata kufumba macho. Bomu haliulizi kama aligusaye ni manowari ya adui, au mashua ya mvuvi, au mkono wa mtoto.

Bomu la namna hiyo halikukusudiwa kutembea. Hufungwa kwa kamba ya chuma juu ya uzito mkubwa ulalao chini ya bahari, nalo hukaa chini kidogo ya uso wa maji, lisionekane. Lakini dhoruba huisukasuka kamba ile mchana na usiku, na kutu huila. Siku moja hukatika, na bomu hupanda juu likachukuliwa na upepo na mikondo ya maji. Mwaka 1907 mataifa mengi yalipatana katika mji wa The Hague, nchi ya Uholanzi, ya kuwa bomu likikatika kamba yake lazima lizimike lenyewe, lisiweze kumdhuru mtu. Agano lilikuwa jema, lakini chuma hakisomi maagano. Chombo kidogo cha kulizima bomu huweza kukwama kwa kutu au kwa kuharibika, nalo likaendelea kuelea likiwa hai.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, kazi ya kufagia mabomu hayo baharini ilikuwa kubwa. Tena palikuwa na shida ya pili. Ghala zilikuwa zimejaa makombora na baruti zisizotakiwa tena. Kuzifungua moja moja kulikuwa kazi ndefu na ya hatari, na kuzitupa baharini kulionekana kuwa njia nyepesi. Mataifa mengi yalifanya hivyo.

Baina ya Ireland ya Kaskazini na Uskoti liko bonde refu chini ya bahari, liitwalo Beaufort's Dyke. Urefu wake ni kadiri ya maili 30, upana wake kadiri ya maili 2, na kina chake mahali pengine hupita pima 150. Tangu miaka ya 1920 hata miaka ya 1970 Uingereza ilitupa silaha zake kuukuu katika bonde hilo. Yakadiriwa kuwa jumla yake ni zaidi ya tani milioni moja. Mwaka 1945 pekee yalitupwa humo makombora yenye gesi ya sumu, uzito wa tani 14,500.

Walioamuru kazi hiyo walidhani kwamba kitu kilichozama pima mia na zaidi kimekwisha kuzikwa. Lakini merikebu nyingine hazikufika bondeni; zilimwaga shehena njiani, zikarudi bandarini. Wataalamu waliochunguza mahali pale miaka ya 1995 na 1996 walikuta silaha nje ya mpaka uliowekwa, karibu zaidi na pwani. Kazi iliyofanywa kwa ulegevu pasipo mtu kuiona ilikuja kuonekana na wote baada ya miaka mingi.

Mwisho wa mwaka 1995 bomba la gesi lilikuwa likilazwa chini ya bahari hiyo. Siku zile zile, zaidi ya vipande 4,000 vya silaha za moto vilitupwa na mawimbi katika fuo za Uskoti. Ndani yake mlikuwa na fosforasi. Fosforasi ikiwa ndani ya maji hutulia kama kitu kilichokufa. Ikitoka majini na kukauka, huwaka yenyewe kwa kuguswa na hewa tu. Mtoto mmoja wa miaka minne aliokota kipande ufuoni, kikawaka, naye akaungua. Mtoto huyo alizaliwa zaidi ya miaka 40 baada ya vita kwisha.

Watu wengi hufikiri kwamba silaha ikizeeka hupoteza nguvu zake. Sivyo. Chuma cha nje huliwa na kutu, lakini baruti ya ndani huweza kukaa miaka mingi na nguvu zake zote. Mwaka 2005 wavuvi watatu wa Uholanzi walikufa katika Bahari ya Kaskazini, bomu la zamani lilipolipuka baada ya kuingia katika wavu wao. Vita vilivyoliacha bomu hilo vilikuwa vimekwisha miaka 60 kabla ya siku ile.

Mwaka 1972 mataifa yalikutana London, yakapatana juu ya kuzuia utupaji wa vitu vya hatari baharini, zikiwamo silaha za sumu. Siku hizi bomu likionekana, wapiga mbizi waliofundishwa kazi hiyo hulichunguza. Likiwa haliwezi kusogezwa, hulilipua pale pale, watu wakiwa mbali. Mahali pengine hulizungushia kwanza pazia la mapovu ya hewa, ili kishindo kisiwaue samaki na nyangumi walio karibu. Kazi hiyo huenda polepole, maana fundi wa mabomu hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Wahenga walisema, “Usilolijua ni kama usiku wa giza.” Wale vijana wa Ballymanus hawakuwa wapumbavu wala wabaya. Walikuta kitu kigeni ufuoni, kama walivyozoea, wakadhani ni faida. Basi mtu akikuta chuma asichokijua, ufuoni au shambani, asikiguse, asikipige mawe, wala asikifunge kamba. Na aweke alama mbali nacho, awazuie wenzake, kisha aende upesi kuwaarifu wakubwa na polisi. Mtoto afanyaye hivyo hataonekana shujaa siku ile, wala hapatakuwa na kishindo cha kusimuliwa. Lakini jioni watu wote watarudi nyumbani kwao.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa Donegal walizoea kushuka ufuoni wakati wa vita?
2. Eleza jinsi pembe ya bomu la baharini inavyowasha baruti.
3. Mataifa yalipatana neno gani mwaka 1907? Kwa nini agano hilo halikutosha?
4. Kwa nini silaha nyingine zilionekana nje ya bonde la Beaufort's Dyke?
5. Fosforasi ina tabia gani ikiwa majini, na ikiwa imekauka?
6. Ukikuta kitu cha chuma usichokijua, utafanya nini? Andika mambo manne.