Msuguano na Milima ya Karagwe

Karagwe ni nchi ya vilima, na Nyakasimbi imo humo. Mvua ikinyesha, barabara ya udongo huteleza, na gari dogo hukwama mahali ambapo Land Rover hupita. Wengi hudhani sababu ni nguvu ya injini. Sivyo.

Kani isukumayo gari mbele hutokana na msuguano baina ya mpira na ardhi. Tuchukue njia inayopanda mita 1 kwa kila mita 5 za usawa. Injini ikizungusha magurudumu mawili tu, yaliyobeba nusu ya uzito, uwiano wa msuguano na uzito huo hauna budi kufikia 0.4, ikizungusha yote manne, 0.2 yatosha. Tope likitoa 0.3, gari la kwanza hukwama, la pili hupanda.

Katika kushuka faida hiyo hutoweka, kwani breki za kila gari hushika magurudumu yote manne. Kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa, gari ambalo lingesimama baada ya mita 17 kwenye tope hilo hilo la tambarare litahitaji zaidi ya mita 50 mteremkoni, liwe la aina yoyote. Hapo ndipo dereva aliyepanda bila taabu hudanganyika, na abiria wake pamoja naye. Gia nzito iingizwe kabla ya kuanza kushuka, si katikati.

Mwanafunzi aweza kuupima uwiano huo kwa kipande cha mpira juu ya ubao: ainue ncha moja polepole mpaka mpira uanze kuteleza, kisha agawanye kimo kwa urefu wa usawa.