Sijawahi Kupiga Kura, na Rafiki Yangu Ameshika Bunduki

*Mama, nina miaka 22, mzaliwa wa Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Sasa niko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, pamoja na mama na wadogo zangu. Desemba 2023 Wakongomani wenzetu walipiga kura. Kwetu hakukuwa na uchaguzi kwa sababu ya vita. Rafiki yangu amerudi ng’ambo ya mpaka kujiunga na wanamgambo wa Wazalendo. Anasema demokrasia ni maneno ya watu wa Kinshasa, sisi tunahitaji rais mkali na vijana wenye silaha. Shuleni nilikuwa mtetezi wa uchaguzi. Sasa sina la kumjibu. Je, nilikuwa mjinga?*

*Kijana wa Rutshuru*

Mwanangu, hukuwa mjinga. Ulidhulumiwa. Rutshuru na Masisi, pamoja na Kwamouth kule magharibi, ziliachwa nje ya uchaguzi ule, na rais akapatikana bila ninyi. Una haki ya kukasirika.

Hamkuwa wa kwanza. Mwaka 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Kwa Beni na Butembo ilitaja Ebola na usalama. Lakini Beni watu walikuwa wakienda sokoni na kanisani kila siku. Iweje foleni ya kura peke yake ndiyo ilete ugonjwa? Basi Jumapili ya tarehe 30 Desemba wakaandaa uchaguzi wao wenyewe. Walijipanga mstari, wakanawa mikono, wakapiga kura kwa karatasi. Walijua fika hakuna tume itakayozipokea. Hata hivyo walisimama foleni, na kisingizio cha wakubwa kikaanguka mbele ya nchi nzima.

Sikufichi: hata kura zilizopokelewa mwaka ule zilitiliwa shaka. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi karibu 40,000, walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale waliyokusanya. Rafiki yako ana sababu ya kukata tamaa. Dawa anayoitaja ndiyo siikubali.

Rais mkali tumeshakuwa naye. Mobutu alitawala tangu Novemba 1965 hadi Mei 1997, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wachache mno walithubutu kumuuliza kitu. Mwaka 1991, na tena 1993, askari wake mwenyewe waliochoshwa na mishahara duni walipora Kinshasa. Mkoa wenu nao umeuonja ukali: Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya hatari, ikawaondoa viongozi wa kiraia na kuweka wanajeshi na polisi. Mauaji hayakukoma, na Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23.

Bunduki nazo tumezijaribu. AFDL, RCD, CNDP, M23: kila kundi lilikuja na wimbo wa ukombozi. Siudharau uchungu wa rafiki yako. Aliyefukuzwa kwao hawezi kukaa kimya. Lakini mwenye bunduki akishaweka kizuizi barabarani, mama anayepeleka maharagwe sokoni hutozwa ushuru, na hana pa kumshitaki wala siku ya kumwondoa. Kwangu mimi demokrasia ni hiyo haki ya kumuuliza mkubwa amefanya nini na mali yetu, na kumwondoa bila damu kumwagika.

Wala usidhani njia ni mbili tu, bunduki au kunyamaza. Vuguvugu la vijana la LUCHA lilizaliwa Goma mwaka 2012. Wanachama wake wamedai maji, kazi na uchaguzi. Wamekamatwa na kufungwa, na njia yao imebaki ya kutotumia silaha.

Ufanye nini sasa? Anzia hapo ulipo. Wakimbizi wa Nakivale huchagua viongozi wa mabaraza yao, hayo mnayoyaita RWC. Uchaguzi ukifika, jitokeze; ukiweza, gombea. Msaada ukigawiwa, omba orodha isomwe hadharani. Mkutano ukiitishwa, hakikisha akina mama wanasikilizwa, na mtu wa kabila lisilo lako pia. Tukishindwa kuwajibishana kwenye kijiji cha wakimbizi, tutawezaje katika nchi ya watu zaidi ya milioni 100?

Kisha mtafute rafiki yako. Usimtukane, usimuite muuaji. Mwambie unamtaka hai, halafu muulize: “Mkishinda, nani atawauliza ninyi?” Mwache alifikirie swali hilo, na usiache kumpigia simu.

Wewe usivuke mpaka kumfuata. Mama yako na wadogo zako wanakuhitaji, na Rutshuru itawahitaji watu waliozoea kuuliza wakubwa maswali bila kushika silaha. Uzoefu huo hauji siku ya kura. Uanze sasa, kwenye mkutano ujao wa kijiji chenu.