Chungu Bila Nazi: Kuunga Chakula kwa Mfuko wa Mwanafunzi

Utangulizi

Makala haya yanahusu chungu cha mwanafunzi katika juma la mwisho la mwezi, pale mkopo umechelewa, fedha za nyumbani zimekwisha, na kilichosalia chini ya kitanda ni maharagwe vikombe 2, kitunguu kimoja, njugu kiasi na chumvi. Aghalabu mwanafunzi wa namna hii hulala kwa chai ya rangi na mkate, si kwa kuwa hana chakula, bali kwa kuwa alicho nacho hakilingani na orodha ya mapishi anayoikumbuka. Orodha inadai nazi, nyanya nne, dania na pilipili hoho. Yeye hana hata kimoja. Tunashikilia hapa kwamba orodha hiyo inampotosha, na kwamba vitenzi vya jikoni katika Kiswahili vinamwelekeza vyema zaidi.

Kiungo na kazi yake

Muhogo hupwazwa au kutokoswa, samaki hubanikwa au kukaangwa, nayo maharagwe huchemshwa kwanza, kisha yakaungwa. Kitenzi hiki cha mwisho ndicho chenye uzito kwetu. Kuunga ni kushikanisha. Anayeunga mbao mbili na anayeunga mboga wamekaribiana zaidi ya tunavyodhani. Ndiposa nomino kiungo ikawa na maana ya mahali mifupa inapokutana na pia ya kitu kinachotiwa chunguni. Kiungo, basi, hutambuliwa kwa kazi yake, wala si kwa umbo au rangi.

Wanaisimu watakumbuka uhusiano wa kiwima: nafasi moja katika sentensi yaweza kujazwa na maneno mengi ya kategoria ifaayo. "Mama amepika wali" hukubali githeri, ndizi au ugali pale palipo na wali. Chungu nacho kina nafasi zake. Kabla ya kulalamika kuwa hana nazi, mpishi na ajiulize: hiyo nazi ingefanya kazi gani humo?

Tui na warithi wake

Tui huleta mafuta, uzito na utamu mdogo unaotuliza ukali wa pilipili. Pwani, nazi hukunwa kwa mbuzi (kifaa, si mnyama), kisha ikakamuliwa. Tui la kwanza ni zito na huwekwa kando hadi mwisho. Tui la pili, jepesi, ndilo linalotangulia kuchemka na maharagwe. Utaratibu huu una sababu: tui zito likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji.

Mrithi wa kwanza wa tui, kwa maoni yangu, ni njugu karanga. Wala hili si jambo la kubahatisha: magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, mboga kuungwa kwa njugu zilizosagwa ni mapishi kamili yenye heshima yake. Kwa vikombe 2 vya maharagwe, vijiko 3 vikubwa vya njugu zilizokaangwa bila mafuta na kupondwa vinatosha. Zikorogwe kwanza katika kikombe cha maji vuguvugu, kwani zikitupwa kavu chunguni hufanya madonge. Moto uwe mdogo kwa muda wa dakika 10 hivi, na mwiko usiache kupita chini, maana njugu hushika sufuria upesi. Mchuzi ukizidi uzito, uongezwe maji. Katika bweni ambamo wengi hula sufuria moja, iulizwe mapema kama yupo mwenye mzio wa njugu. Kwake chakula hiki chaweza kuwa cha hatari kubwa.

Mrithi wa pili ni maziwa. Haya hulainisha mchuzi lakini mafuta yake ni machache kuliko ya tui, kwa hiyo kitunguu kikaangwe kwa mafuta zaidi kidogo. Yatiwe mwisho, na yasikutanishwe na ndimu wala ukwaju, ama sivyo yataganda vipande vipande.

Uchachu na zamu yake

Nyanya hufanya kazi tatu kwa pamoja: rangi, uchachu na uzito wa mchuzi. Karoti iliyokunwa hushika rangi na uzito. Uchachu huachiwa ukwaju, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilichorowekwa na kuchujwa, au embe bichi. Vitu viwili vya bei nafuu vikijaza nafasi ya kimoja, hapana kosa la kisarufi. Ila anayetumia ukwaju achague njugu, si maziwa, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja.

Hata hivyo, zamu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Uchachu ukitangulia kabla ya maharagwe kuiva, huyazuia kulainika, na mafuta ya taa au gesi huteketea bure. Maharagwe yarowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya hadi yabonyee, ndipo nyanya au ukwaju ufuate. Maharagwe mekundu hasa yanahitaji kutokota kwa nguvu angalau dakika 10, kwa sababu yakiwa hayajaiva yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara. Kuyapika kwa moto hafifu tangu mwanzo ili kubana matumizi ni ubahili usiofaa.

Jina moja, kazi mbili

Msomaji makini atauliza: je, si rahisi kubadilisha unga kwa unga? Hapa jina linatusaliti. Unga wa ngano na unga wa mahindi ni wa kategoria moja kwa jina, lakini donge la mahindi halina mnato wa kuliwezesha kusukumwa likawa chapati, hukatikakatika. Nazi na njugu, kwa upande mwingine, hazishiriki jina lakini zashiriki nafasi. Unga wa ngano ukipungua, viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa huweza kuuongeza, kikombe 1 cha viazi kwa vikombe 2 vya unga, na maji yapunguzwe kwa kuwa viazi vinakuja na yake. Ngano bado ndiyo inayoshikanisha donge. Viazi vinalikuza tu.

Uchunguzi huu umeegemea Kiswahili cha Pwani na cha mijini. Wanachama watakaokwenda likizo wanaombwa wasikilize jikoni kwao: je, kuunga mboga kwa njugu na kuiunga kwa maziwa kuna kitenzi kimoja katika lugha zao za kwanza, au kila tendo lina chake?