Ini na Mzigo wa Mafuta

Wengi hudhani kuwa ini hujaa mafuta kwa sababu ya pombe na vyakula vya mafuta tu. Lakini mtoto wa kwashiorkor, aliyelishwa uji mtupu wa muhogo, huenda naye akawa na ini lililojaa mafuta. Yatoka wapi?

Ini hutengeneza mafuta hata kutokana na wanga. Kisha huyafunga pamoja na protini na lesithini, kama mpagazi afungavyo mzigo, yakasafiri katika damu. Sehemu kubwa ya lesithini hiyo hutengenezwa kwa kolini. Kamba ikikosekana, mzigo hubaki ghalani. Mwaka 1932 Charles Best na wenzake, huko Toronto, Kanada, walionyesha kuwa panya wenye maini ya mafuta hupata nafuu wakipewa kolini.

Mvulana wa umri wangu ahitaji kiasi cha miligramu 550 kwa siku, kwa kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 1998. Yai moja lina karibu 150. Gramu 100 za maini ya ng'ombe hupita 300. (Mayai hapa bwenini ni ya sikukuu!) Maharage yana kolini kidogo, ila yana protini pia, nayo twayapata kila siku. Hayo ndiyo wenzangu wa Kidato cha Kwanza huyamwaga, wakala ugali kwa mchuzi.