Sarafu Kuukuu na Sanaa ya Kiinimacho

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nataka kuwaonyesha kwamba hata kibaya kina mwenyewe. Somo langu lahusu sarafu zilizochakaa, zile ambazo wengi wetu huziona nyumbani zimetupwa ndani ya mkebe pamoja na vifungo na misumari. Kwa mfanya kiinimacho, sarafu hizo ni lulu.

1. Kwa nini sarafu iliyochakaa?

Mtu anayecheza kiinimacho cha sarafu hutegemea mambo mawili: mkono wake na kimya. Chukua shilingi mbili mpya uzifiche kiganjani. Zikigusana tu, zitalia "kling!" na siri yako imefichuka. Sarafu kuukuu nyuso zake zimelainika kwa kupita katika mikono ya watu wengi. Moja huteleza juu ya nyingine pole pole, bila kelele nyingi.

Pili, sarafu iliyofifia haing'ai kama kioo. Ile mpya hutupa mwanga hata kupitia nafasi ndogo kati ya vidole, na mtazamaji aliye mbele akaiona.

Tatu, sarafu zilizochakaa sawasawa hufanana kama mapacha. Mtazamaji akidhani anaiona ile ile, kumbe ni nyingine, kazi yako imekwisha.

Huko Marekani, wafanya kiinimacho hupenda sana nusu dola za fedha zilizotengenezwa kati ya 1916 na 1947, zenye umbo la mwanamke anayetembea. Upana wake ni milimita 30.6, nao unakaa vizuri kiganjani mwa mtu mzima. T. Nelson Downs, aliyeishi kati ya 1867 na 1938, alipata sifa kubwa kwa michezo ya sarafu. Baadaye, mnamo 1952, J. B. Bobo alitoa kitabu kizima juu ya sanaa hiyo.

2. Zetu ni zipi?

Sisi hatuna haja ya kuagiza nusu dola. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na kuanzia 1921 ikatoa shilingi yenye picha ya simba amesimama mbele ya milima. Shilingi hiyo ina upana wa karibu milimita 28. Zile za kabla ya 1948 zilikuwa na robo ya fedha ndani yake, na kuanzia 1948 zikawa za shaba na nikeli.

Kulikuwa pia na senti kumi, ambayo wazee wetu waliiita "peni", na senti tano, "ndururu". Hizi zilikuwa na tundu katikati, hata mtu aliweza kuzitunga kwa uzi. Senti hamsini nayo iliitwa "thumuni", neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane.

Tundu hilo lina kisa chake. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala kwa miezi isiyotimia mwaka, katika 1936, kisha akajiuzulu. Lakini peni na ndururu za 1936 zenye jina lake zipo, kwani sarafu yenye tundu haikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme. Jina lilitosha!

Kwa kiinimacho, peni na shilingi ya simba hufanya jozi nzuri ajabu. Moja ni nyekundu, pana na ina tundu. Nyingine ni nyeupe na nzima. Hata mtu aliyekaa nyuma ya darasa ataweza kuzitofautisha.

3. Jinsi ya kutafuta na kuchagua

Anza nyumbani. Waulize wazee kwa adabu, usiufungue mkebe wa mtu. Ukikosa, wako wauzaji wa vitu vya kale mijini. Wakusanyaji sarafu hutaka zilizo safi na zenye chapa kali, hivyo zile zilizolika aghalabu huwa rahisi. Ukiwa na sarafu mkononi, fanya hivi:

(a) Fumba macho, uipapase. Uso uwe laini. Kwa shilingi, meno ya ukingoni yawe bado yapo kidogo, maana ndiyo yanayoshika nyama ya kiganja.
(b) Tazama manyoya ya simba. Yakiwa yamefutika lakini mwaka bado unasomeka, hiyo inafaa.
(c) Iweke katikati ya kiganja, uibane kidogo kwa nyama iliyo chini ya kidole gumba, kisha geuza mkono. Ikikaa bila wewe kukakamaza vidole, basi ni yako.
(d) Igonganishe taratibu na mwenzake, usikilize.

Kuna jambo moja la kuepuka. Usichukue sarafu inayotumika leo ukaisugua kwa msasa ili ionekane kuukuu. Sheria yetu inakataza kuziharibu sarafu za nchi. Tena msasa huacha mikwaruzo, haulainishi kama vidole vya watu. Uzee hauigizwi.

4. Niliyojifunza mimi

Nilipokwenda kwa nyanya wakati wa likizo, nilimwuliza, "Nyanya, una senti za zamani?"

"Za kufanyia nini, mjukuu wangu?"

"Za mchezo wa kiinimacho, nyanya."

Alicheka, akanipa peni mbili. "Chukua. Lakini marehemu babu yako alizipata kwa jasho. Usije ukamla mtu kwa peni zangu."

Nakiri kwamba sikusikia. Muhula wa pili nilimwambia kijana mmoja wa kidato cha kwanza akisie peni iko mkono gani. Tuliwekeana shilingi ishirini. Akakosa, akaweka nyingine, akakosa tena, mpaka akaishiwa. Wenzangu walishangilia, nami nikajiona bingwa. Siku ya kufunga shule nilimkuta langoni amekaa juu ya sanduku lake, wenzake wote wameshaondoka. Pesa zile zilikuwa nauli yake.

Nilimrudishia zote, nikamwonyesha peni ilipokuwa imejificha siku ile: haikuwa katika mkono wowote aliouchagua, ilikuwa mfukoni mwangu. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo singeweza kushinda?" Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo nilipotambua tofauti. Mfanya kiinimacho humwambia mtu mapema kwamba atamdanganya, na mtu akakubali kwa raha yake. Wale wa karata tatu vituoni hufanya jambo lile lile kwa vidole vile vile, lakini husema ni bahati. Ukiweka pesa ya mtu katikati, mchezo umekufa na wizi umezaliwa. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya sanaa hii si ya vidole: usicheze kamari kwayo kamwe.

Msamiati

Kiinimacho: mchezo wa kuyahadaa macho kwa wepesi wa mikono.
Kuukuu: -liochakaa kwa kutumika sana.
Ukingo: pembeni mwa sarafu, palipo na meno.
Msasa: karatasi ya kusugulia mbao au chuma.

Zoezi

Waulize wazee wawili nyumbani majina ya sarafu walizotumia utotoni, na kila moja iliweza kununua nini. Yaandike kabla hayajapotea.

Haya basi, wenzangu, kalamu naiweka chini. Zile peni bado ninazo, nami hufanya mazoezi dakika kumi kila jioni. Anayetaka kutazama na aje. Kiingilio ni bure.