Vepu Zikipigwa Marufuku, Vijana Wataacha Sigara?

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka dhidi ya sigara za kielektroniki, yaani vepu. Wakati huo nchi 34 zilikuwa zimeshapiga marufuku uuzaji wake, na nchi 88 hazikuwa hata na sheria ya umri wa mnunuzi. Wasomaji wameuliza mengi, na daktari wetu wa afya ya jamii anajibu.

Shikamoo daktari. Hivi vepu ni kitu gani hasa, na kwa nini zikamatwe wakati sigara zinauzwa kila kioski?

Marahaba. Ni kifaa chenye betri kinachopasha moto kimiminika hadi kiwe mvuke. Mara nyingi kimiminika hicho kina nikotini na ladha ya embe, mnanaa au pipi. Kwa kuwa hakuna tumbaku inayoungua, lami na kaboni monoksidi ambazo humwumiza sana mvutaji wa sigara hazipo. Nikotini ipo, tena nyingi, na ubongo wa kijana wa miaka 15 hunaswa nayo upesi kuliko wa mtu mzima.

Swali lako la pili ndilo zito. Nchi kadhaa zimeharamisha chombo chenye madhara pungufu na kukiacha halali kile ambacho tuna hakika kwamba kinaua. Waziri wa afya anaweza kuutetea uamuzi huo kwa hoja, ila hoja zenyewe azitoe hadharani, asitosheke na picha ya shehena ikichomwa moto.

Inasemwa kwamba anayeanza na vepu huishia kwenye sigara. Ni kweli?

Tafiti zilizowafuata vijana kwa miaka zimeonyesha mara nyingi kwamba aliyejaribu vepu ana uwezekano mkubwa zaidi, takriban mara tatu, wa kuja kuvuta sigara kuliko ambaye hakujaribu. Ukiishia hapo utasema kazi imekwisha, tupige marufuku.

Lakini watoto hao wawili hawakuwa sawa tangu mwanzo. Anayeijaribu vepu ndiye pia mwenye rafiki mvutaji, mwenye baba mvutaji, anayependa kuthubutu. Huenda angeigusa sigara hata kama vepu isingekuwapo. Watafiti hujaribu kuziondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini haziondoki zote.

Ndiyo maana napenda kutazama taifa zima. Marekani huwauliza wanafunzi wake kila mwaka. Mwaka 2011, wanafunzi wa sekondari ya juu waliovuta sigara ndani ya siku 30 zilizopita walikuwa asilimia 15.8, na waliotumia vepu asilimia 1.5 tu. Vepu zikapanda hadi asilimia 27.5 mwaka 2019. Kama vepu zingekuwa zinawavuta watoto kwa wingi kuelekea sigara, sigara nazo zingepanda, au angalau zisingeshuka. Zilishuka hadi asilimia 5.8. Kisha vepu zenyewe zikaporomoka hadi asilimia 7.8 mwaka 2024, na sigara zikawa asilimia 1.7.

Kwa hiyo pande zote mbili zina haki ya kuona haya kidogo. Waliotabiri kwamba vepu zitarudisha enzi za sigara walikosea. Na waliodai kwamba vepu zikibanwa vijana watakimbilia sigara kwa wingi, takwimu hizo za mwisho hazikuwaunga mkono.

Nimesoma kuhusu San Francisco, kwamba marufuku iliongeza uvutaji. Ilikuwaje?

Juni 2018 wapigakura wa jiji hilo waliidhinisha sheria ya kuzuia bidhaa zote za tumbaku na nikotini zenye ladha, pamoja na sigara za mentoli. Mwaka 2021 Abigail Friedman wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wa San Francisco na wa wilaya nyingine za shule nchini humo. Aliona kwamba baada ya sheria uwezekano wa mwanafunzi wa San Francisco kuvuta sigara ulikuwa zaidi ya maradufu ukilinganishwa na wenzake. Maelezo yake ni rahisi kuyafuata: mtoto aliyezoea nikotini haachi kuitaka kwa sababu ladha ya embe imeondoka dukani, na sigara ya kawaida bado ipo rafu ya juu.

Utafiti huo ulinukuliwa kila mahali. Kilichonukuliwa mara chache ni pingamizi lililofuata: majibu ya wanafunzi wa San Francisco yalikusanywa mwishoni mwa 2018, na jiji lilianza kuwabana wenye maduka Januari 2019. Unapimaje athari za sheria kabla haijaanza kutekelezwa?

Mimi siufuti utafiti huo. Friedman alikuwa ameshaonyesha mwaka 2015, kwa takwimu za majimbo, kwamba pale vepu zilipokatazwa kwa watoto, uvutaji wa sigara wa vijana wa miaka 12 hadi 17 uliongezeka kwa takriban pointi moja ya asilimia. Hofu ya vijana kuhamia sigara si ya kubuni. Ila anayetaka kujenga sera ya nchi nzima juu ya San Francisco pekee anajenga juu ya mchanga.

Mimi ni mwalimu Kampala. Uganda ilizikataza, mbona nazikuta mifukoni mwa wanafunzi?

Mwalimu, sheria yenu ya mwaka 2015 ni miongoni mwa kali kabisa barani: vepu, shisha, tumbaku ya kutafuna na yenye ladha, vyote vimekatazwa, na umri wa kununua sigara ni miaka 21. Hata sigara moja moja hairuhusiwi kuuzwa. Pita jioni kwenye kituo chochote cha bodaboda ujionee.

Singapore, yenye mipaka midogo na polisi wengi, ilikataza hata kuzimiliki mwaka 2018. Mwaka 2025 ilikuwa inahangaika na vepu zilizotiwa etomideti, dawa ya usingizi ya hospitalini, hadi ikabidi zishughulikiwe kama dawa za kulevya. Bidhaa ikishakwenda kwa magendo, hakuna anayekagua kilichomo. Australia nayo ilizihamishia kwenye maduka ya dawa mwaka 2024, huku pakiti ya sigara 20 ikipita dola 40 za huko. Katika jimbo la Victoria, magenge yanayogombea biashara ya tumbaku ya magendo yamechoma maduka zaidi ya 100.

Kenya tunalo somo la karibu zaidi. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017, na mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia washtakiwa kwa sababu amri yenyewe haikufuata utaratibu wa kupitia bungeni.

Daktari, mbona unaongea kama wakala wa kampuni za sigara?

Hapana, ndugu. Desemba 2018 Altria, wenye Marlboro katika soko la Marekani, walinunua asilimia 35 ya kampuni ya vepu ya Juul kwa dola bilioni 12.8. Mwaka 2022 Juul ilikubali kulipa dola milioni 438.5 kumaliza uchunguzi wa majimbo kuhusu namna ilivyowauzia vijana. Hao ni wafanyabiashara wa uraibu, na siwaonei huruma.

Basi ungekuwa mbunge ungeandika nini?

Ningeanza na sigara. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza pakiti yenye sigara pungufu ya 10, na bado mtoto hununua fegi moja kwa chenji ya nauli. Ushuru upande kila mwaka kupita mfumuko wa bei, na muuzaji wa rejareja awe na leseni inayoweza kufutwa akimuuzia mtoto. Hiyo leseni ndiyo yenye meno, kwa sababu mwenye duka anaogopa kufungiwa kuliko anavyoogopa bango la wizara.

Kwa vepu, ningeondoa ladha za pipi, zile za kutumia na kutupa, na matangazo ya mtandaoni. Nisingezifuta kabisa kwa mtu mzima anayetaka kuacha sigara. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yameonyesha kwamba humsaidia zaidi kuliko viraka na ubani wa nikotini. Marufuku kamili ningeikubali kwa nchi iliyo tayari kuibana sigara kwa nguvu ileile. Kwa nchi isiyo tayari, naikataa.

Nimeikuta vepu kwenye begi la mwanangu wa kidato cha pili. Nifanye nini?

Usimpige, na usikimbilie kumtoa shule. Muulize kwanza kuna nini ndani, kwa kuwa nyingine hujazwa bangi. Muulize pia kama anavuta sigara, maana wengi hutumia vyote. Kama anaamka na hamu, ni uraibu: siku za kwanza za kuacha atakuwa na hasira, usingizi utampotea, na hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache. Mpeleke akazungumze na mhudumu wa afya au mshauri nasaha. Walio Kenya wanaweza kupiga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, bila malipo.